Mfarishi wa Vioo vya Rangi: Njia Tatu za Kuushona kwa Cherehani ya Kawaida

Barua zenu zinauliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Ule mfarishi unaofanana na dirisha la kanisa, wenye vipande vya rangi na mistari myeusi katikati yake, unashonwaje? Mimi mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu nitauweza? Mimi niliyejifunza kushona juzi tu?

Mtauweza. Tena nathubutu kusema kwamba kwa anayeanza ni rahisi kuliko mfarishi wa viraka wa kawaida. Katika viraka vya kawaida, pembe nne zisipokutana sawasawa kila mgeni anayeingia chumbani ataliona kosa hilo. Hapa mstari mweusi hupita juu ya maungio na kuyafunika. Kazi yote inasimama au kuanguka kwa mstari huo, kwa hiyo nguvu zako zielekeze huko.

Nitaeleza njia tatu, kuanzia nyepesi. Soma zote kwanza, kisha chagua moja. Kwa kazi ya mwanzo nashauri foronya ya mto wa kiti ya sentimita 40 kwa 40. Kitanda kitakuja baadaye.

Kanuni moja kabla ya mkasi

Katika dirisha halisi, vipande vya kioo hushikwa na vipapi vya risasi, na hivyo ndivyo tunavyoviona kama mistari myeusi. Kila kipande cha kioo lazima kizungukwe pande zote, la sivyo kitadondoka. Kutokana na hilo tunapata kanuni moja: mstari hauishii hewani. Kila mstari uanzie kwenye ukingo au kwenye mstari mwingine, na uishie vivyo hivyo.

Ukichora ua lenye kikonyo kinachokatika katikati ya anga, jicho litakataa hata kama mtazamaji hajui sababu. Kirefushe kikonyo kifike ukingoni. Kadhalika, epuka vipande vyenye kona zilizobonyea ndani sana. Kioo cha umbo hilo huvunjika, na kitambaa cha umbo hilo husumbua kushona.

Ukitaka mifano, tazama madirisha ya Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, Mombasa, au vioo vya rangi kwenye roshani za Zahanati ya Kale inayotazama bahari Mji Mkongwe, Unguja. Usinakili picha nzima. Angalia tu jinsi mistari inavyokutana.

Vitu vya kuandaa

- Vitambaa vya rangi. Pamba ya rangi moja ndiyo inayofanana na kioo. Kitenge kinafaa ukikata sehemu zenye rangi iliyotawala. Maua makubwa yakikatwa vipande huleta vurugu.
- Kitambaa cheusi. Pamba nyepesi iliyofumwa kwa kubana. Kaniki inafaa, lakini soma kwanza onyo lililo hapa chini kuhusu rangi.
- Kitambaa cha chini. Merikani au shuka kuukuu la pamba. Hakitaonekana, kwa hiyo usinunue cha bei.
- Uzi mweusi imara, na sindano mpya ya cherehani namba 14. Sindano butu huvuta nyuzi na kuruka mishono pale tabaka zinapozidi.
- Karatasi ya kaki au magazeti, penseli, rula ndefu, chaki ya fundi na pini.
- Mikasi miwili: mmoja wa kitambaa, mwingine wa karatasi. Usiichanganye.
- Pasi. Katika kazi hii utaishika pasi mara nyingi sawa na cherehani.

Mabaki ya vitambaa waombe mafundi wa mtaani kwako. Wengi huyatupa, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinatosha kuwa kioo kimoja.

Jaribu kitambaa kabla ya kukiamini

Wengi hupuuza hatua hii, kisha wanaandika kuuliza kwa nini mfarishi uliharibika siku ya kufuliwa mara ya kwanza.

1. Choma uzi mmoja juu ya sinki au sahani ya bati. Pamba huungua na kuacha majivu laini yenye harufu ya karatasi. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta haikunjiki vizuri kwa pasi na inaweza kuyeyuka chini ya joto la pamba, kwa hiyo iweke kando.
2. Fua vitambaa vyote, kila rangi peke yake, kisha vinyooshe kwa pasi. Pamba hurudi ikifuliwa. Afadhali irudi sasa kuliko baada ya kushonwa.
3. Jaribu kama rangi inachuja. Lowesha kona ya kitambaa, ibane kwenye kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikichafuka, fua tena. Kikichafuka baada ya kufua mara tatu, kitambaa hicho hakifai.

Cheusi, chekundu na kaniki ndivyo vinavyochuja zaidi. Mtaambiwa mloweke kwa chumvi au siki ili rangi ishike. Msitegemee dawa hiyo. Rangi iliyozidi hutolewa kwa kufua na kusuuza mpaka maji yawe meupe.

Kupanga rangi

Mwanga wa dirisha hutokana na rangi nyepesi kukaa karibu na rangi nzito. Ukipanga nyekundu iliyoiva, buluu nzito na kijani cha majani makavu pamoja, kila moja ni nzuri lakini zikikaa pamoja zinakuwa giza.

Tandaza vipande sakafuni, vipige picha kwa simu, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vipande viwili vinavyopakana vikionekana kijivu kile kile, badilisha kimoja. Rangi nne au tano zinatosha kwa mto.

Kwa wanaotumia kanga: kata kwenye mji au pindo, na uwe mwangalifu na jina. Maneno yakikatwa katikati yanaweza kusomeka kitu ambacho hukukusudia kukiweka sebuleni.

Njia ya kwanza: dirisha la mistari iliyonyooka

Hii inafaa kabisa kwa cherehani inayoshona mshono mmoja tu. Hakuna gundi wala kona za kupinda. Tutashona dirisha la vioo tisa, vitatu kwa vitatu.

Kata hivi:

- Vipande 9 vya rangi, sm 12 kwa 12
- Kanda 6 fupi nyeusi, sm 4 kwa 12
- Kanda 2 ndefu nyeusi, sm 4 kwa 36
- Kanda 2 za ukingo, sm 5 kwa 36
- Kanda 2 za ukingo, sm 5 kwa 42

Mishono yote iache sentimita 1 ya pindo. Shona hivi:

1. Panga vipande tisa sakafuni kama vitakavyokaa. Vibandike namba.
2. Shona safu ya kwanza: kipande, ukanda mfupi, kipande, ukanda mfupi, kipande. Fanya vivyo hivyo kwa safu mbili zilizobaki.
3. Piga pasi kila mshono, pindo zote zilale upande wa cheusi. Zikilala upande wa rangi nyepesi, weusi utaonekana kwa chini.
4. Unganisha safu tatu kwa kanda mbili ndefu.
5. Ongeza ukingo wa juu na wa chini (sm 36), kisha wa kushoto na kulia (sm 42).

Utapata uso wa sm 42 kwa 42, ambao ukishonwa nyuma yake utatoa foronya ya sm 40.

Angalizo: kosa la kawaida liko kwenye hatua ya nne. Ukanda mrefu ukishawekwa, huoni tena mistari ya safu iliyopita, na safu inayofuata hukaa pembeni kidogo. Matokeo yake ni mistari ya wima iliyokatika. Kabla ya kushona, weka alama za chaki kwenye pande zote mbili za ukanda mahali mistari inapokutana, kisha zifunge kwa pini.

Njia ya pili: vipande juu ya kitambaa cheusi

Hapa hakuna mstari unaoshonwa. Unaweka vipande vya rangi juu ya kitambaa cheusi na kuacha nafasi kati yake, na nafasi hiyo ndiyo mstari. Inafaa kwa samaki, jahazi, ndege au majani.

1. Chora picha kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya kaki. Kila kipande kipe namba.
2. Kata karatasi kwenye mistari, kisha punguza milimita 3 au 4 kuzunguka kila kipande. Ukiviweka tena pamoja, nafasi kati yake itakuwa milimita 6 hadi 8.
3. Bandika kwa pasi, nyuma ya vitambaa vya rangi, kile kitambaa chenye gundi ambacho mafundi hutumia kukaza kola. Ndipo ukate. Kingo hazitafumuka haraka.
4. Panga vipande juu ya kitambaa cheusi. Vishike kwa pini, kisha piga bandi kwa mkono.
5. Shona kuzunguka kila kipande, milimita 2 kutoka ukingoni. Mwenye cherehani ya zigizaga aitumie, mshono uwe wa kubana.

Mambo mawili huwachanganya wengi hapa. La kwanza, gundi ya kitambaa cha kola iko upande mmoja. Itakishika kitambaa cha rangi, lakini haitakiunganisha na cheusi. Bandi haiepukiki. La pili, ukiweka karatasi ya kaki upande wa nyuma wa kitambaa na kuchora, umbo litatoka limegeuka. Jahazi lililoelekea kulia litaelekea kushoto. Geuza karatasi kwanza, au chorea upande wa mbele.

Njia hii ni nzuri kwa pambo la ukutani na mto. Kwa kitanda siipendekezi kwa mwenye cherehani ya mshono mmoja, maana kingo zilizo wazi hufumuka kwa kufuliwa mara kwa mara.

Njia ya tatu: upapi juu ya maungio

Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na dirisha lenyewe. Vipande vya rangi hupangwa ukingo kwa ukingo juu ya merikani, na maungio hufunikwa kwa upapi mweusi. Mistari inaweza kupinda utakavyo.

*Kutengeneza upapi*

Lazima ukatwe mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe ya kitambaa. Ukikatwa kwa kufuata nyuzi hautapinda. Kwa sababu hiyo hiyo, utepe wa satini wa dukani haufai kwenye mistari ya duara. Utakunjamana.

1. Chukua kitambaa cheusi cha sm 50 kwa 50. Kikunje pembe kwa pembe, kisha kata kwenye mkunjo.
2. Kuanzia hapo, piga mistari kila sentimita 2 na ukate kanda.
3. Ziunganishe ncha kwa ncha kwa mshono wa mshazari, pindo uzifungue kwa pasi.
4. Kunja kingo zote mbili zikutane katikati. Utapata upapi wa upana wa sentimita 1.

Mraba huo mmoja hutoa takriban mita 12. Kujua unahitaji kiasi gani, laza uzi juu ya mistari yote ya mchoro, upime uzi huo, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya kona.

Kama huna kifaa cha kukunjia, chomeka sindano ndefu kwenye kitambaa cha meza ya kupigia pasi, uache sehemu ya sentimita 1 ikiwa juu. Kunja mwanzo wa ukanda, upitishe chini ya sindano, kisha uvute polepole huku pasi ikifuata nyuma. Upapi hutoka umekunjwa tayari.

Mafundi wazoefu hutumia upapi wa milimita 6. Wewe anza na sentimita 1, maana unafunika makosa mengi zaidi.

*Kupanga na kushona*

1. Chora picha moja kwa moja kwenye merikani kwa penseli.
2. Kata vipande vya rangi sawasawa na mchoro, bila kuongeza pindo. Nafasi ya milimita 2 kati ya vipande haina shida.
3. Piga bandi karibu kabisa na kingo, ili upapi uifunike.
4. Anza na mistari ambayo ncha zake zitafunikwa na mistari mingine. Andika namba za mpangilio kwenye karatasi kabla ya kushika cherehani. Mstari mrefu unaopita juu ya mingine huwa wa mwisho.
5. Kwenye mpindo, shona kwanza upande wa ndani, ule mfupi, kisha upande wa nje. Upapi utanyooka kuufuata. Ukianza na wa nje, wa ndani utajaa mikunjo.
6. Shona pande zote mbili kuelekea upande mmoja. Ukienda na kurudi, upapi hujipinda.
7. Kwenye kona kali, simamisha sindano ikiwa ndani ya kitambaa, inua mguu wa cherehani, kunja upapi, geuza kazi, endelea.

Wengine wameuliza kuhusu sindano pacha, inayoshona kingo zote mbili kwa pamoja. Inasaidia kwenye cherehani ya zigizaga. Kwenye cherehani ya mshono mmoja tundu la bamba ni dogo, na sindano hiyo itagonga chuma na kuvunjika. Usijaribu.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

- Kuvuta upapi wakati wa kushona. Kazi inakunjamana kama uso uliokasirika. Laza upapi, uuache ukae wenyewe.
- Kusukuma pasi mbele na nyuma. Kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka. Ikandamize pasi, inua, sogeza.
- Mistari ya upana tofauti bila mpango. Ukitaka ukingo uwe mnene, sawa. Lakini mistari ya ndani iwe na upana mmoja.
- Vipande vidogo mno. Kipande kisichofika sentimita 3 humezwa na upapi. Kiunganishe na jirani yake.
- Gundi ya kukausha haraka. Inaacha doa gumu, na sindano hukwama. Bandi ni ya polepole lakini haiachi alama.

Mnaouliza zaidi

*Nina pasi ya mkaa tu.* Inafaa, ila itingishe na kuifuta nje ya chumba cha kazi, na weka kitambaa chembamba cha pamba kati yake na kazi yako. Jaribu joto kwenye kibaki kwanza.

*Lazima mistari iwe myeusi?* Hapana. Buluu ya usiku, kahawia iliyoiva au kijivu cha risasi hufaa. Rangi nyepesi ndiyo haifai, maana vipande havitang'aa.

*Ndani niweke nini?* Kwa pambo la ukutani, hakuna haja. Kwa kitanda, blanketi jepesi lililofuliwa linatosha. Sufi na pamba za kujazia mto hukusanyika upande mmoja zisiposhonwa kwa mistari ya karibu.

*Naweza kushona tabaka zote kwa mara moja?* Ndiyo. Katika njia ya tatu, weka kitambaa cha mgongo, blanketi, kisha merikani yenye vipande, piga bandi kote, halafu shona upapi kupita tabaka zote. Unabandika mstari na kushikiza mfarishi kwa mshono mmoja. Lakini fanya hivyo kwa kiraka kimoja kimoja, maana mfarishi mzima haupiti chini ya mkono wa cherehani ya kawaida bila vita.

Kutoka mto hadi kitanda

Usishone picha moja ya kitanda kizima. Shona viraka vya ukubwa wa mto, kisha uviunganishe. Kitanda cha futi 5 kwa 6 ni kama sm 152 kwa 183. Viraka 25 vya sm 40, vitano kwa vitano, hutoa mfarishi wa sm 200 kwa 200. Utaning'inia sentimita 24 kila ubavu, na zaidi ya sentimita 15 zitabaki kwa urefu.

Kiraka kimoja kwa wiki ni mwendo mzuri kwa mtu mwenye kazi nyingine. Kikiharibika kimoja, unatupa kimoja.

Kufua

- Maji baridi, sabuni isiyo kali, kwa mkono.
- Usiloweke usiku kucha. Hapo ndipo cheusi huingia kwenye rangi nyepesi.
- Usikamue kwa kusokota. Minya.
- Anika kivulini, umetandazwa, uso ukiwa chini. Jua kali hufifisha rangi.

Uamuzi wangu

Kama hujawahi kushona viraka, anza na njia ya kwanza. Kama unapenda kuchora na unataka pambo la ukutani, chukua ya pili. Kama umeshashona nguo na una subira ya pasi, ya tatu ndiyo itakayodumu na ndiyo inayostahili kuwekwa kitandani. Wanaotaka kuuza wasipange bei kwa kuhesabu kitambaa peke yake. Andikeni saa mlizotumia tangu kiraka cha kwanza, zitieni kwenye bei, na msione haya kuitaja.

Leo usishone kitu. Fua vitambaa, vianike, ujaribu rangi. Kesho chora mistari yako, uhakikishe hakuna hata mmoja unaoishia hewani, ndipo ushike mkasi.